Majani ya Contra Yalikuwa Yakitikisika

Desemba 1997 binamu yetu wa Mombasa alikuja Tanga likizo na kaseti moja ya gemu, ameisokomeza ndani ya soksi isije ikagongwa na vitu vingine kwenye begi. Ilikuwa ya manjano, haina lebo, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu: Contra. Sisi wa Ngamiani tulizoea kaseti zilizoandikwa 9999999 in 1, ambazo ukishuka orodha yake unakuta michezo kumi au ishirini ikijirudia kwa majina mapya, kwa hiyo kaseti ya mchezo mmoja tuliiona haina faida. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka 13, akaichomeka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hebu angalieni majani."

Hatua ya kwanza, porini, majani ya minazi yalikuwa yanatikisika kama vile upepo unavuma ndani ya televisheni. Na kabla ya hatua kuanza ilikuja ramani ya kisiwa. Kaseti yetu ya michezo mingi nayo ilikuwa na Contra, tuliyoicheza mpaka vidole vikaota sugu, na humo minazi ilisimama kama imechongwa kwenye mlango, wala ramani hapakuwa na ramani.

Likizo ikaisha, binamu akapanda basi la Mombasa na soksi yake. Januari kaka akasimulia mtaani. Watoto wa nyumba ya tatu wakaja kutazama, tukawasha, minazi imeganda. Wakaleta na kaseti yao, nayo imeganda vilevile. Ikawekwa dau la kreti moja ya soda, na kwa kuwa kaka hakuwa na cha kuonyesha, akaitwa muongo mwaka mzima. Mimi niliapa kwamba nimeyaona yakitikisika. Lakini nilikuwa na miaka minane, na kadiri nilivyokua nikaanza kujishuku: niliyaona majani, au niliona uso wa kaka akiyaona?

Nimekusanya mashine na kaseti za gemu za zamani kwa miaka zaidi ya kumi sasa, na watu huniuliza nilianzaje. Nilianza na majani hayo.

Kizazi chetu cha Bara kilipata televisheni na gemu karibu kwa mpigo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini. Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya kwanza vikarusha matangazo. Baba akanunua televisheni ya inchi 14 iliyokwishatumika, na mjomba, aliyekuwa akifuata bidhaa Dubai na kuzipitisha Unguja, akatuletea mashine. Nyeusi, sura yake ya Sega Mega Drive, lakini tumbo lake la Famicom. Sisi tuliiita Nintendo, kama watu wote, bila kujua kwamba Nintendo yenyewe haikuitengeneza.

Famicom halisi iliingia sokoni Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 ilibadilishwa umbo na jina, ikawa NES, na mdomo wake wa kaseti ukabadilishwa pia: kaseti ya Japani ina meno 60 (vile vipande vya chuma vinavyogusana na mashine), ya Marekani na Ulaya ina 72, na NES ikawekewa chipu ya kufuli inayokataa kaseti isiyo na ruhusa. Famicom haikuwa na kufuli hilo. Kwa hiyo viwanda vya kunakili vya Asia vikaiga Famicom, na ndizo mashine zilizojaa Kariakoo, Mombasa, Muscat na Kampala. Meno 60. Nilipokuwa mtoto sikujua maana yake. Maana yake ni kwamba mtoto wa Ngamiani, bila kujua, alikuwa anacheza upande wa Japani wa dunia.

Nilianza kununua kwa bidii Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia, usiku wa kuamkia 2013. Watu walikuwa wanahamia kwenye televisheni bapa, na zile za chogo zikatolewa nje kama magodoro mabovu. Pamoja nazo zilitoka mashine, pedi zenye waya uliokatika, mabunduki ya plastiki, na mifuko ya kaseti. Nilichukua televisheni za chogo mbili, na sijutii. Bunduki ile ya kupigia bata haifanyi kazi kwenye televisheni bapa. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo mno, kisha mahali alipo bata panamulika mweupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linatazama kama limeona mwanga huo kwa wakati wake. Televisheni ya chogo inachora papo hapo. Ya kisasa inachelewa kidogo, na bunduki inahesabu umekosa.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya mikono. Kaseti isiposhika, mtaani kwetu tuliipuliza. Kila mtu alipuliza, na kila mtu aliona inasaidia, kumbe kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, meno yakapata mahali pengine pa kugusana. Pumzi ina unyevu, na unyevu juu ya meno ya shaba, katika mji wenye upepo wa chumvi kama Tanga, unageuka kutu ya kijani. Nami nilipoikuta kutu hiyo kwenye kaseti nilizonunua, nikachukua msasa.

Niliwapeleka wagonjwa wangu kwa fundi redio mmoja mzee pale mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Redio hiyo?"

"Kaseti za gemu, mzee. Hazishiki tena."

Alivaa miwani, akaigeuza moja kwenye mwanga wa dirisha. "Nani kaisugua?"

"Mimi, kwa msasa."

"Msasa ni wa mbao. Unaona hii rangi ya dhahabu kwenye hii nyingine? Hiyo ndiyo ngozi yake. Ukishaichubua, iliyobaki ni shaba tupu, na shaba kwa chumvi ya huku kwetu haidumu."

Kaseti tatu ziliishia pale. Tangu siku hiyo natumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kwa sababu spiriti nyingi za duka la dawa zina maji, na vijiti vya pamba vya masikioni, na subira. Pamba ikitoka nyeusi nabadilisha, mpaka itoke nyeupe. Kaseti naziweka kwenye makopo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kwa anayeishi pwani, kifuko hicho kina thamani kuliko kabati la kioo.

Kosa la pili lilikuwa la umeme. Rafiki yangu anayeagiza magari kutoka Japani alinisaidia kupata Famicom ya kweli, ile ya 1993 yenye tundu la AV, maana ya zamani zaidi hutoa picha kwa njia ya antena peke yake, na kwa chaneli za Japani. Ilifika na adapta yake. Furaha ikanitia upofu. Nikachukua kigeuza plagi, nikaiingiza ukutani. Japani umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Ilichukua muda wa kuvuta kiti na kukaa, kisha nikasikia harufu.

Mzee wa redio aliifungua mashine kwa utulivu ulioniumiza kuliko kama angenigombeza. Adapta ilikuwa imekufa, lakini mashine imenusurika, kwa sababu ndani yake kuna kipande kinachoshusha umeme hadi volti 5, kilichobebeshwa chuma cha kupozea. Akanionyesha na jambo ambalo lingeimaliza mara ya pili: alama iliyochapishwa kwenye adapta, kwamba katikati ya pini ni hasi. Adapta nyingi za madukani kwetu katikati ni chanya. Soma alama hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye mashine ya zamani.

Ilipowaka hatimaye, nilicheza Contra yangu ya michezo mingi juu yake, na mikono ilinikataa. Mchezo ulikuwa unakimbia. Nilikufa mahali ambapo sijawahi kufa tangu shule ya msingi. Baadaye nikaelewa: mashine zetu zilitengenezwa kufuata televisheni za huku, picha 50 kwa sekunde, na Famicom ya Japani ni 60. Utoto wangu wote niliucheza polepole kwa sehemu moja ya sita.

Sasa nije kwenye baraza.

Ilikuwa Idi, nyumbani Tanga, mkeka umetandikwa barazani, kahawa na kashata. Binamu wa kaseti ya manjano alikuwa amekuja kutoka Muscat, anakofanya kazi sasa. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu aliyekulia Leicester, Uingereza, alikuwapo. Kaka hakuwapo, kazi yake iko Mtwara na hakupata ruhusa. Nikaleta mashine nje, na mazungumzo yakaanza kwa upole.

"Contra," shemeji akasema. "Sisi tulikuwa tunacheza ile ya maroboti."

"Maroboti gani tena, shemeji? Ni watu wawili, mmoja buluu, mmoja mwekundu, vifua wazi."

"Maroboti. Wewe roboti, adui roboti. Nimeicheza miaka."

Baraza zima likamshambulia. Binamu akasema labda shemeji anachanganya na mchezo mwingine. Shemeji, ambaye ni mtu mpole, akaanza kupandisha sauti. Nikaona nafasi, nikamgeukia binamu: je, anakumbuka majani? Akafikiri. "Soksi naikumbuka," akasema. "Kaseti ya manjano naikumbuka. Majani, wallahi, sikumbuki." Shahidi niliyemsubiri miaka ishirini akawa hana ushahidi. Nikajikuta namwambia shemeji kwa ukali kwamba hakuna Contra ya maroboti duniani, kumbe niliyekuwa namjibu ni yule mtoto wa nyumba ya tatu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimemfanyia shemeji kile kile alichofanyiwa kaka yangu.

Na shemeji alikuwa anasema kweli. Contra ilitoka kwenye mashine za kuchezea za kulipia mwaka 1987, na mwaka 1988 Konami, kampuni ya Kijapani iliyoitunga, wakaitoa kwa Famicom kule Japani na kwa NES kule Marekani. Ulaya ilifika 1990 kwa jina jingine, Probotector, na mashujaa wake pamoja na baadhi ya maadui wamegeuzwa maroboti, ili isikwame kwenye masharti ya Ujerumani ya kuwalinda vijana dhidi ya michezo ya kivita. Mtoto wa Leicester alicheza uamuzi wa Ujerumani. Nilimpigia simu, nikamwomba radhi, naye akaniuliza swali lililobadilisha namna yangu ya kubishana mpaka leo: "Sasa hiyo yenu ilikuwa ya wapi?"

Sijawahi kujiuliza. Kwa miaka yote nilikuwa nauliza nani anasema kweli. Kumbe la kuuliza kwanza ni: ulicheza ipi, mwaka gani, kwenye mashine ya meno mangapi?

Nikalifuata swali hilo na nikayapata majani. Toleo la Japani lina ramani kabla ya kila hatua, lina minazi inayotikisika, na hatua ya theluji ina theluji inayopeperushwa. La Marekani halina hata kimoja. Sababu yake ni ya ufundi, na mimi naiona nzuri kama hadithi yoyote. Ubongo wa Famicom unaona kilobaiti 32 tu za maagizo ya kaseti kwa wakati mmoja, na upande wa picha unaona kilobaiti 8 tu. Ukitaka mchezo mkubwa zaidi, unahitaji chipu ndani ya kaseti yenyewe, inayofungua na kufunga vyumba: sasa tazama huku, sasa tazama kule. Konami walitengeneza chipu yao, VRC2, na kwenye kaseti ya Japani wakaweka kilobaiti 128 za maagizo na nyingine 128 za picha peke yake. Jani limelala, jani limeinuka, jani limelala: chipu inabadilisha chumba cha picha tu, na ubongo hauchoki. Marekani, Nintendo ilishika mwenyewe utengenezaji wa kaseti na chipu zake, kwa hiyo chipu ya Konami haikuvuka bahari. Toleo la huko lina kilobaiti 128 kwa jumla, na picha zinakopiwa kidogo kidogo kwenye kumbukumbu ndogo. Hakuna nafasi ya upepo.

Basi nikataka kaseti ya Japani. Ya kwanza niliyonunua ilinigharimu kodi ya chumba ya mwezi mzima, lebo yake nzuri kabisa, maandishi ya Kijapani yamenyooka. Ilipofika niliiona nyepesi mkononi. Kaseti nyingi za Famicom hazina skrubu; zimebanwa kwa vikato vya plastiki, na kuzifungua kunahitaji bapa jembamba na roho ngumu. Ndani nikakuta kibao kidogo chenye tone moja la gundi nyeusi, gumu kama lami, limefunika kila kitu. Nikaichomeka hata hivyo. Minazi imeganda. Aliyeniuzia hakujibu tena. Tangu hapo nilijiwekea sheria: ukiona tone jeusi, umeona bandia, wala usihangaike nayo.

Ya pili niliipata kwa bei ndogo, kwa sababu ilikuwa na dosari. Nyuma yake mtoto fulani wa Japani aliandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito, kama tulivyoandika sisi kwenye madaftari. Wakusanyaji wengi hushusha thamani ya kaseti yenye jina. Mimi niliifungua, nikakuta chipu tatu zenye miguu, moja ya maagizo, moja ya picha, na ile ya Konami. Nikaifunga, nikasafisha meno yake mpaka pamba ikatoka nyeupe, na jina la mtoto yule sikuligusa. Nikawasha. Ramani ikaja. Kisha minazi, na upepo.

Nilimrekodia kaka kwa simu nikamtumia Mtwara. Alijibu jioni, akitoka kazini. "Ndiyo hiyo," akasema. Nikasubiri aseme zaidi. "Lakini hiyo siyo, mdogo wangu. Hiyo ni ya Kijapani, ya kijivu, ina lebo. Ile ilikuwa ya manjano na haina lebo. Hawa watasema tumekwenda kununua gemu nyingine ndiyo ina majani. Niletee ya huku."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwamba kaka yangu, ambaye hajanunua kaseti moja tangu aache shule, ni mkusanyaji mkali kuliko mimi. Nilithibitisha kwamba majani yapo Japani. Sikuthibitisha kwamba yaliwahi kufika Tanga.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya kile ambacho sikuwa nakikusanya: kaseti zetu za kunakili, za Mombasa, Unguja, Dar na Tanga, zenye lebo za wahusika wasiohusiana na mchezo uliomo, na orodha za uongo. Ninazo 41. Kumi na moja kati yake zina Contra, na nilipozicheza kwa utaratibu, nikiandika kila kitu kwenye daftari, hazikuwa Contra moja. Kuna inayoanza na uhai 30 bila kubonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kuna inayokuacha uchague hatua. Kuna iliyofutwa jina la Konami. Kila moja ni ushahidi wa mtu fulani kwenye kiwanda fulani aliyeifungua kazi ya wengine na kuibadilisha, na hakuna orodha iliyozihesabu zote.

Ndiyo maana siridhiki na mabishano ya bei. Kijana mmoja wa mtaani kwangu Dar huniambia, "Kaka, mngezihifadhi zikiwa zimefungwa mngekuwa matajiri," kisha ananitajia ile Super Mario 64 iliyouzwa Marekani Julai 2021 kwa dola milioni 1.56, haijawahi kufunguliwa. Namwelewa. Nami nimesoma kuhusu kaseti za Nintendo World Championships za 1990, za kijivu 90 na za dhahabu 26, na ningefurahi kuishika moja. Lakini kaseti iliyofungwa kwenye plastiki na kupewa alama haiwezi kukuambia kitu ambacho hukijui. Uhaba wake umekwishahesabiwa. Kaseti ya manjano isiyo na lebo, ambayo haigharimu hata nauli ya daladala, hakuna aliyeihesabu, na inaoza kwa chumvi sasa hivi kwenye dari ya mtu. Nikiwa na shilingi moja na muda mmoja, navipeleka kwenye hiyo.

Niliipata Mombasa, safari ya tatu, Mwembe Tayari, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza nyaya na rimoti juu ya turubai. Haikuwa ya manjano; ilikuwa nyeusi, na ganda lake limepasuka kiasi cha kuona ndani. Nikaona tone la gundi. Sheria yangu ikaniambia niiache. Nilikuwa nimekwisha kuirudisha chini, na mama akasema, "Chukua tu mwanangu, hiyo ya bandu bandu nakupa na hii rimoti." Nikachukua ili nisimvunje moyo.

Usiku, chumbani, nikaisafisha kwa mazoea, nikaichomeka kwenye mashine ndogo ninayosafiri nayo. Jina la Konami hakuna. Ramani ya kisiwa ikatokea. Niliuacha mchezo hapo hapo mwanzoni bila kusogeza mtu wangu, nikiangalia minazi. Mtu fulani alikuwa ameinakili hadi ile kazi ya chipu ya VRC2, akaizika chini ya tone moja la gundi, na kuipeleka pwani yetu. Kaseti ngapi za namna hiyo nilizipita kwa sababu ya sheria yangu, sitajua.

Kaka alikuja Tanga Agosti. Sikumwambia kitu. Niliweka televisheni ya chogo barazani, nikamwita na yule jirani wa nyumba ya tatu, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi na wajukuu wawili. Nikamkabidhi kaka ile kaseti nyeusi. Aliigeuza, akaitazama palipopasuka, akaichomeka mwenyewe bila kuipuliza.

Jirani aliinama mbele mpaka miwani yake ikakaribia kioo. Alitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akamwita kijana wake wa dukani, akampa noti na kumtuma soda.

"Kreti nzima," kaka akamwambia, macho yakiwa kwenye skrini.

Akanipa pedi ya pili. Tulipita pori, tukapita ngome ya kwanza, na soda zikafika tukiwa maporomokoni. Ile hatua unapanda kwenda juu, na anayetangulia anavuta skrini. Aliyebaki chini inamla. Nilikuwa nimekosea kuruka, niko jiwe la chini kabisa, vidole vyangu bado vimezoea ule mwendo wa Japani. Kaka alikuwa juu, njia yake wazi, ile S, bunduki inayotawanya risasi, mkononi.

Alimsimamisha mtu wake ukingoni, akawa anapiga risasi tu hewani, akinisubiri.